Kigoda cha Pili

Siku hizi anayebanwa na kazi hutuma nyumbani mwakilishi, mashine yenye sura na sauti yake. Aikande alituma wa kwake Marangu Krismasi saba mfululizo. Mwaka huu alimwacha mjini, akapanda mlimani mwenyewe.

Alimkuta mama yake jikoni akimenya ndizi, kigoda cha pili kikiwa wazi kando yake. Akakikalia, akashika kisu. Alisahau kupaka mafuta mikononi, utomvu ukamganda vidoleni. Zamani kosa kama hilo lingewachekesha wote wawili mpaka machozi.

Mama hakucheka. Alimfuta vidole kimoja kimoja, kwa upole.

“Pole, mwanangu. Wewe kapumzike sebuleni na wageni,” alisema, kisha akachungulia mlangoni. “Na Aikande umemwacha wapi?”