Foleni ya Salamu

Sauti ya mama yake ilimfikia Tunu kwenye simu ya sikioni akiwa anamenya viazi: "Hujambo mwanangu? Wajukuu hawajambo? Sisi huku hatujambo, ila..." Kisha kimya.

Tunu aliduwaa, kisu mkononi. Ila nini? Na maneno yale yalisemwa lini?

Siku hizi kila sauti ya simu hupita kwenye swichi za mtandao, mitambo inayoelekeza mawasiliano, na swichi ndizo huamua ipi itangulie. Sauti inayoanza na jambo lenyewe hupewa njia papo hapo. Inayoanza na salamu huwekwa mwisho wa foleni, ikapenyezwa kipande kipande nafasi inapopatikana, hata kama ni baada ya wiki kadhaa. Kanuni hiyo aliipanga Tunu mwenyewe kazini, akapigiwa makofi. Wala hakukumbuka kwamba kwao Pangani hata anayeleta habari za msiba huanza kwa kusema hatujambo.

"Mpigie basi," alisema Sefu, mumewe. "Lakini usimwamkie."

Tunu aliweka kisu chini. Tangu azaliwe hajawahi kumsemesha mama yake bila kumwamkia. "Mama, kuna nini?" alisema, aibu imemjaa.

Hata hajafumba mdomo, sauti ya mama ikaja, ile ile ya upole: "Marahaba, mwanangu."

Sefu akashusha pumzi. "Umeona? Yu mzima."

Tunu hakujua acheke au alie. Marahaba ya nini, naye leo hakumwamkia? Mara ya mwisho kumpa shikamoo ilikuwa siku ya Idi, wiki tano zilizopita.