Taa ya Askari wa Kisima

Kila mwaka Talaso alifika kwenye makumbusho ya vita, kule jangwani mpakani, na chupa ya maji. Aliyapita majina ya mashujaa ukutani bila kuyatazama, moja kwa moja hadi kwenye taa ya kumi na saba.

Ndani ya taa ile ilihifadhiwa akili ya askari aliyelinda kisima, akamwacha Galgalo, mwana wa Talaso, afe kwa kiu huku akiyaona maji. Mwili wa askari ulishazikwa. Akili ilibakizwa macho, na kiu yake ikabakizwa nayo. Sheria ilisema ni mtu wa damu ya Galgalo tu anayeweza kumzima. Ukoo huo ukikatika, taa hujizima yenyewe.

Safari hii alikuja na Kabale, mjukuu wake, binti pekee wa Galgalo, hina ya harusi bado mbichi mikononi.

"Mama, umekuja?" taa ikauliza. "Nakusihi, nizime."

Talaso akafungua chupa, akagugumia maji karibu na kipaza sauti ili kila funda lisikike.

"Bado," akasema.

Kabale akainamisha kichwa. "Nyanya, ni miaka ishirini sasa. Tutamwachilia lini?"

"Nikifa, utakuja wewe."

"Na nikifa mimi?"

Talaso akamshika tumbo taratibu, kama mtu apimaye joto la mkate, kisha akamkabidhi chupa.

"Kwani ulidhani mume nilikutafutia wa nini?"