Mbwa Aliyepanda Helikopta

Mbwa ndiye aliyetangulia kupandishwa kwenye helikopta. Alifungwa mkanda vizuri, akavalishwa koti la rangi ya chungwa, na chumba kizima kikamsindikiza kwa macho kwenye televisheni mpaka akaingia ndani.

"Wenzetu hata mafuriko yao ni ya kisasa," kinyozi alisema.

Kicheko kilichelewa kidogo, kisha kikaja. Fundi cherehani hakucheka. Alikuwa amekaa benchi la mbele, mikono ameibana mapajani, anaingoja nchi ile ya mbali imalize kufa maji ili zamu yake ifike.

Tangazo lake lilikuwa fupi. Mama yake hajaonekana tangu Jumapili ya wiki iliyopita: mwanamke mfupi, gauni la bluu, sikio la kushoto halisikii, ukimwita sharti ukae kulia. Mara ya mwisho alisema anarudi ndani mara moja tu kuchukua miwani. Mwandishi mmoja wa televisheni aliyepita na kamera yake aliichukua picha ya mama kutoka kwenye simu ya fundi, akaahidi kwamba itaonyeshwa kesho, mwisho wa taarifa ya habari ya jioni. Kesho yake mvua ikaiangukia nchi ile, na tangu hapo taarifa nzima ikawa ya kule.

Televisheni ilikuwa mali ya karani mstaafu, ambaye kila mtu alimwita Mzee Rimoti kwa sababu rimoti haikumtoka mkononi hata akila. Alihamia hapo na televisheni kichwani, godoro akaliacha, na mkewe hajamsamehe mpaka leo. Umeme ulitoka kwenye betri ya kinyozi, ambayo mchana ilinyoa watu na jioni iliwaletea dunia.

"Ila watu hawa nao," Mzee Rimoti alisema, "mto wanauona kwa macho yao, wanajenga hapo hapo kando. Halafu wanalia."

"Kwani hawakuambiwa wahame?" Mama Saluni akauliza.

"Waliambiwa, sana tu. Wabishi."

Mama Saluni alitikisa kichwa kwa huzuni. Alikuwa amevaa gauni la sherehe lenye shanga kifuani, kubwa kuliko yeye, na kila mara alilivuta begani lisimvuke. "Jamani, mwoneni yule wa sweta nyekundu. Nyumba imekwenda na maji, lakini nywele zake hazijasogea hata moja. Wanapaka dawa gani wale?"

"Mzee wangu," fundi akasema, "nakuomba usibadilishe stesheni. Tangazo langu huenda likasomwa leo."

"Tulia, mwanangu. Wenzako wana msiba mkubwa."

Akatulia. Lakini moyoni aliwachukia, si Mzee Rimoti tu, bali na wale wa kwenye kioo pia, akina mama waliokumbatia miti na watoto waliobebwa mgongoni, watu ambao hawakuwahi kumkosea lolote. Aliona aibu kuwachukia. Akaendelea kuwachukia.

Mtangazaji akaomba taifa zima lisimame kimya kwa dakika moja. Wakasimama. Kinyozi akavua kofia. Mama Saluni akafumba macho, mkono mmoja begani kulishika gauni. Mzee Rimoti, kwa heshima zake, akapunguza sauti ya televisheni ambayo tayari ilikuwa kimya. Katikati ya heshima hizo picha ikaanza kujikunja pembeni.

"Betri," kinyozi akanong'ona.

Fundi aliitazama dakika ile ikinywa umeme wa mama yake, na asingeweza kuketi kabla ya wengine.

Kisha akatokea waziri, yuko uwanja wa ndege, nyuma yake shehena ya mablanketi, mahema na maji ya chupa. Ilikuwa zawadi ya wananchi, alisema, kwa ndugu zao walioachwa bila makazi. Taifa hili haliwezi kulala usingizi huku binadamu wenzake wakilala nje. Ndege nayo ilikuwa imeshawashwa.

Chumba kikapiga makofi. Mama Saluni akatokwa na chozi la kweli kabisa.

"Sasa dunia itatujua," Mzee Rimoti akasema. "Tumeonyesha utu."

"Mablanketi mazito yale," kinyozi akasema, na akayaangalia mpaka yakatoka kwenye kioo.

Mtangazaji akapangapanga karatasi zake. Fundi akainuka, akasogea mbele mpaka pua ikakaribia kugusa kioo, na hakuna aliyemkemea kwamba anawaziba. Alikuwa ameamua kuwa picha ya mama ikitokea ataigusa kwa kidole, liwalo na liwe.

"Na hapa nyumbani hakuna jipya," mtangazaji akasema, tabasamu limeshamrudia. "Jioni njema."

Mzee Rimoti akazima. "Kesho watalisoma, mwanangu," akamwambia fundi bila kumtazama.

Watu wakaanza kusukuma madawati ukutani ili kila familia ipate kipande chake cha sakafu, kama walivyofanya kila jioni tangu shule ile ya kilimani iwapokee. Fundi akaenda dirishani. Maji yalikuwa yamepungua tena, na chini kule ncha ya paa la nyumba ambamo mama alirudi kuchukua miwani ilikuwa imeanza kuchomoza.