Kikombe Kilichofudikizwa

Katika wodi ile ya wagonjwa wa akili, aliyembishia daktari jioni, au aliyekataa kumjibu, aliamka akakuta kikombe chake cha bati kimefudikizwa. Maana yake hapewi chai, kwani anayepelekwa kwenye mashine ya kupigwa umeme kichwani lazima awe na tumbo tupu.

Asubuhi hiyo Zamda alikikuta chake hivyo hivyo. Kosa lake ni kuuliza atarudi lini nyumbani. Mara ya mwisho alipotolewa kwenye mashine, alimtazama mwanawe akashindwa kumwita jina.

Nesi Perusi akaja na birika. Vikombe vya namna hiyo huwa anavipita bila kuvitazama. Zamda akakigeuza chake, akakinyoosha mbele. Mkono haukushuka.

"Dada, mimi sikufanya fujo. Niliuliza tu."

Viatu vya daktari vilikuwa vikigonga sakafu ya koridoni.

"Akija nimwambie nini?" nesi akanong'ona.

"Mwambie nimekunywa."

Nesi akakitazama kile kikombe, kisha akamimina mpaka kikafurika. Zamda akapiga funda. Chai ikamchoma ulimi, naye akaimeza.

"Nani kampa huyu chai?" daktari akanguruma mlangoni.

"Mimi," alijibu nesi, birika bado mkononi. "Na leo haendi kokote."

Kabla daktari hajafungua tena kinywa, kikombe cha bati kiligonga chuma cha kitanda. Kwenye kitanda cha dirishani, bibi mmoja ambaye hakuna aliyewahi kumsikia akisema neno naye alikuwa anakigeuza taratibu kikombe chake kilichofudikizwa, macho kwenye birika.