Rimu la Mwenyekiti

Redio ilikuwa ikibishania kama rais wa ng'ambo ya mpaka, aliyebwagwa kwenye kura, angegombea tena, mwenyekiti mpya wa kijiji alipopiga hodi.

"Shikamoo, mzee. Nimefuata kengele."

"Marahaba," Yusto aliitikia, akabaki amekaa.

Kengele yenyewe ni rimu la lori lililoning'inia kwenye mkaratusi uani kwake. Miaka yote ya uenyekiti wake aliligonga mwenyewe, na watu wakaacha majembe wakaja mkutanoni. Mwezi uliopita, katika uchaguzi wa kwanza wa vyama vingi, watu haohao walimwangusha.

Mkewe alikuwa akipukuchua mahindi. "Mpe, baba Lydia. Yamekwisha hayo."

Yusto akapanda kigoda, akafungua waya, akalishusha. Mwenyekiti mpya alilipokea kwa mikono miwili, likamlemea.

"Na cha kugongea, mzee?"

Kilikuwa kipande cha nondo, ncha imeng'aa kwa kugonga. Yusto alikipima kiganjani.

"Cha kugongea tafuta chako."

Mgeni alipoondoka, Yusto aliongeza sauti ya redio, akaanza kuifuta ile nondo kwa pindo la shati, taratibu.

Mkewe akaacha kupukuchua.