Salamu ya Mchwa Mlafi

Katika kichuguu kimoja, mchwa askari hawakumng'ata yeyote aliyewapapasa kichwani kwa miguu ya mbele, kwa kuwa ndiyo salamu ya nyumbani. Basi mchwa mmoja wa humohumo akaanza kutafuna kuta za chumba cha mama yao, asiyeweza kutembea. Askari wakija huwapapasa, nao hurudi zao.

"Askari wetu wazembe," wote wakalalamika.

Kizengo, mchwa kibarua, hakuamini. Aliwatazama siku nyingi mpaka akang'amua kuwa ni ile salamu inayowarudisha. Akamwendea mlafi, akaikumbatia miguu yake ya mbele, akaishikilia.

"Niachie, ndugu yangu."

"Wewe ni ndugu yangu kweli," Kizengo akasema kwa uchungu. "Na yule ni mama yetu."

Askari wakafika. Safari hii mlafi hakuweza kuwapapasa, wakamng'ata, kazi waliyoijua siku zote.