Wa Tatu Kutoka Kushoto

Mzee Hayasaka alifungua jarida, akahesabu vichwa vya mabaharia pichani, akalifunga. Akachukua jingine. Bei hakuuliza, na michoro ya manowari, ile inayowatoa udenda wakusanyaji wote wa Jimbocho, mtaa wa maduka ya vitabu vya zamani, hakuitupia hata jicho.

"Mzee wangu, utazimaliza hizo kurasa," Bi Fumiyo alimwambia kutoka nyuma ya meza. Duka lilikuwa lake, na kwa miaka ishirini hakuuza kitu kingine ila majarida ya zamani ya jeshi la nchi kavu na la majini.

Mzee aliomba radhi, kisha akaeleza tena alichokieleza kila Jumamosi tangu mwaka uanze. Anatafuta toleo la Agosti 1943. Ndani yake, kwa jinsi alivyoambiwa, kuna picha ya mabaharia saba wamesimama kwenye gati la Kure, bandari ya manowari, na wa tatu kutoka kushoto ni Kunio. Mama yake ana miaka tisini na mbili, amelazwa hospitali huko Kawagoe, ameacha kula, na kutwa kucha anamwita Kunio. Picha zote za nyumbani ziliteketea siku ya mabomu, na labda akiiona hii atakula.

"Lakini wewe si upo?" Bi Fumiyo aliuliza. "Si umlishe wewe?"

"Mimi hanitaki. Anamtaka Kunio."

Bi Fumiyo alikuwa na mdomo mkali, lakini hapo alimsogezea mzee kiti. Alizijua familia za namna hiyo. Mtoto aliyefia vitani huwekewa wali wa kwanza kila asubuhi mbele ya picha yake, na aliye hai huambulia lawama. Alimpa pole ya kufiwa na ndugu, na mzee akainamisha kichwa tu.

Wiki iliyofuata daktari alisema mama hatamaliza mwezi. Mzee alikuja Jumanne, akapiga magoti sakafuni katikati ya wateja na kugusa mbao kwa paji la uso. Bi Fumiyo aliona haya kwa niaba yake. Akamshika kwapani, akamwinua kwa nguvu.

Kesho yake, kwenye mnada wa wauza vitabu, likatokea furushi lenye toleo lile. Mteja haruhusiwi kuingia pale. Wenye maduka huandika bei kwenye kikaratasi, wakakitia ndani ya bahasha, na hakuna anayejua mwenzake kaandika nini. Bi Fumiyo aliandika bei ya kichaa, ambayo angemcheka mtu mwingine kwa kuiandika, akashinda. Alirudi dukani mbio kwenye mvua, jarida likiwa kifuani chini ya koti.

Mzee alikuwa akimsubiri mlangoni. Bi Fumiyo alimfungulia jarida kwenye ukurasa wa picha. Gati la Kure lilikuwepo. Mabaharia walikuwepo pia, lakini walikuwa sita.

Baada ya yule wa pili palikuwa na nafasi ya kumtosha mtu mzima, nayo imechorewa maji ya bahari kwa brashi. Mzee aliyapapasa maji yale kwa kidole, akahesabu upya, akahesabu tena. Sauti ikamtoka, ya mtu aliyepigwa tumboni.

Bi Fumiyo alikuwa ameiona brashi ile katika majarida mengine. Waliokufa hawakufutwa, picha zao zilikuzwa zikajaza ukurasa. Aliyefutwa ni yule aliyetekwa akiwa hai, kwa sababu wakubwa wa siku zile hawakukubali kwamba mtu kama huyo yupo. Kwao kulipelekwa kisanduku cha majivu, kitupu, pamoja na barua ya kumsifu marehemu.

"Basi Kunio hakufa," alinong'ona. "Mzee wangu, ulijua? Vita vilipokwisha alirudi?"

"Nilirudi," Mzee Hayasaka alisema. "Mama alikuwa ameshanizika."